Mwongozo kamili: Namna ya kuchagua nyenzo za kujisomea kwa mtihani wa cheti cha TEHAMA

Wengi wanaofeli mitihani ya vyeti vya TEHAMA si wavivu. Waulize walisoma nini, watakutajia vitabu vinne, kozi tatu za video, folda ya PDF waliyotumiwa kwenye WhatsApp na programu ya maswali kwenye simu. Hawakumaliza hata kimoja. Na ukivikagua vizuri, utakuta kimoja au viwili vilikuwa vya toleo la mtihani lililokwisha kufungwa.

Mwongozo huu unahusu kazi ya kabla ya kusoma: kuchagua cha kusoma na kukataa kingine chote. Mifano mingi nimeichukua kwenye CCNA (cheti cha mitandao cha Cisco), Security+ (cheti cha usalama cha CompTIA) na vyeti vya AWS (huduma za wingu za Amazon), lakini utaratibu ni huohuo hata kama unajiandaa kwa Microsoft, au kwa vyeti vya Linux kama vya Red Hat na LPIC.

## Unachohitaji kabla ya kuanza

- Msimbo kamili wa mtihani wako, pamoja na namba ya toleo kama ipo.
- Orodha rasmi ya malengo ya mtihani. Kila mtoaji wa cheti huiweka bure kwenye tovuti yake.
- Daftari, au faili ya Excel, ya kuandika malengo hayo moja baada ya jingine.
- Kompyuta ya kufanyia mazoezi. Kwa mitandao na Linux, yenye RAM ya GB 8 inatosha kuanzia.
- Saa mbili au tatu za utulivu. Usinunue chochote kabla hazijaisha.

Hiyo ya mwisho ndiyo inayorukwa zaidi. Mtu anaona kozi ina punguzo, anailipia usiku huohuo, kisha anaanza kutafuta mtihani unaofanana nayo.

## Hatua ya 1: Anza na msimbo, si na kitabu

Jina la cheti hukaa miaka mingi, lakini mtihani ulio nyuma yake hubadilika. Security+ ya SY0-701 ilianza Novemba 2023, na SY0-601 iliyoitangulia ikafungwa Julai 2024. Network+ ya N10-009 ilianza Juni 2024. Kwenye AWS, Solutions Architect ya ngazi ya Associate inatumia SAA-C03 tangu Agosti 2022. A+ ina mitihani miwili, 220-1201 na 220-1202 kwa toleo lililoanza 2025, na kitabu cha mtihani mmoja hakikusaidii kwenye mwingine.

Nenda kwenye tovuti ya mtoaji, uandike msimbo, kisha utafute kama kuna tarehe ya kufungwa iliyotangazwa. Ikiwa toleo unalolitaka linafungwa kabla hujawa tayari, hamia jipya leo hii, hata kama vitabu vyake bado ni vichache.

Mtego mkubwa uko CCNA. Msimbo wake umebaki 200-301 tangu Februari 2020, lakini Agosti 2024 maudhui yalihamia toleo la 1.1. Kwa hiyo jalada linaweza kuandikwa 200-301 na kitabu kikawa kimepitwa na wakati. Kipimo cha haraka: fungua sehemu ya otomatiki. Toleo la kwanza lilitaja zana za kusanidi vifaa kwa otomatiki za Puppet, Chef na Ansible, ilhali toleo la 1.1 linataja Ansible na Terraform, tena limeongeza akili bandia katika uendeshaji wa mitandao. Kitabu kinachofundisha Chef na hakina hata neno Terraform ni cha zamani. Misingi yake ya mitandao bado ni sahihi, lakini usikifanye kuwa nyenzo yako kuu.

Hatua hii umeimaliza ukiweza kuandika kwa mstari mmoja: jina la cheti, msimbo, toleo, na tarehe ya kufungwa kama ipo.

## Hatua ya 2: Soma malengo kwa kuangalia vitenzi na uzito

Hapa ndipo uchaguzi wenyewe unapofanyika, na ndiyo sababu naomba usiharakishe.

Pakua orodha ya malengo na uangalie kitenzi kinachoanza kila mstari. Kwenye CCNA, lengo la 3.4 linakutaka usanidi na kuthibitisha OSPFv2 (itifaki ambayo ruta huitumia kuambizana njia) ya eneo moja. Lengo la 3.5, linalofuata, linakutaka ueleze kusudi na utendaji wa itifaki zinazoweka lango la akiba ruta moja inapozimika. Malengo haya mawili yako jirani, lakini hayasomwi kwa njia moja. La kwanza halisomeki kitandani: lazima uandike amri, ruta zikatae kuelewana, na wewe utafute sababu. La pili unaweza kulimaliza kwa sura moja iliyoandikwa vizuri na mchoro.

Basi pitia orodha nzima, na mbele ya kila lengo uweke alama moja kati ya hizi tatu:

- M kwa maabara, penye vitenzi kama sanidi, thibitisha, tatua, tekeleza.
- S kwa kusoma, penye eleza, fafanua, linganisha.
- H kwa hali halisi. Hapa unapewa kisa na kuulizwa ungechagua nini. Mitihani ya AWS imejaa haya, na Security+ inayo pia kwa wingi.

Ukimaliza, hesabu. Ukikuta M ni nyingi na ulikuwa unakusudia kununua kozi ya video peke yake, umeshajua kwamba haitoshi. RHCSA, cheti cha Linux cha Red Hat, ndiyo mfano uliokithiri: hakuna swali hata moja la kuchagua jibu, unakalishwa mbele ya mfumo na kupewa kazi. Kitabu cha maswali 500 ya kuchagua hakina nafasi hapo.

Halafu angalia uzito. CCNA inatoa asilimia 25 kwa muunganisho wa IP, 20 kwa misingi ya mitandao, 20 kwa ufikiaji wa mtandao, 15 kwa misingi ya usalama, 10 kwa huduma za IP na 10 kwa otomatiki. Security+ SY0-701 inatoa asilimia 28 kwa shughuli za usalama za kila siku na 12 tu kwa dhana za jumla. Sasa chukua yaliyomo ya kitabu au kozi unayoifikiria na ulinganishe kurasa au saa. Kozi inayotumia theluthi ya muda wake kwenye dhana za jumla, kisha ikakimbilia shughuli za usalama mwishoni, inakuandaa kwa mtihani mwingine.

## Hatua ya 3: Jipime kabla hujachagua

Pitia tena orodha yako. Kila lengo liwekee 0, 1 au 2: sijui kabisa, nimewahi kulisikia, naweza kumweleza mtu bila kuangalia popote.

Usijionee huruma. Kujua jina la kitu si kukijua. Kama huwezi kusema kwa sauti tofauti ya TCP na UDP na kutoa mfano wa huduma inayotumia kila moja, hiyo ni 1.

Ukiwa na sifuri nyingi, unahitaji nyenzo inayofundisha tangu mwanzo, hata kama ni ndefu. Ukiwa na 1 na 2 nyingi, kitabu cha kurasa elfu moja kitakuchosha bure. Unahitaji nyenzo fupi, nyaraka rasmi na mazoezi mengi. Watu wawili wanaofanya mtihani mmoja wanaweza kuhitaji vitabu tofauti kabisa, ndiyo maana swali la "kitabu gani ni bora?" halijibiki mpaka mtu ajipime.

## Hatua ya 4: Chagua nguzo moja

Nguzo ni nyenzo moja utakayoisoma mwanzo hadi mwisho. Moja tu. Mshika mbili moja humponyoka, na kwenye vyeti mara nyingi zote mbili humponyoka, kwa sababu kila mwalimu ana mpangilio wake na wewe unabaki unasoma sura za mwanzo mara tatu na za mwisho hata mara moja.

Kitabu au video? Maoni yangu ni haya. Anayeanza kabisa anasaidiwa na video, kwa kuwa anaona mkono wa mwalimu ukifanya kazi na anazoea matamshi ya istilahi. Mwenye uzoefu wa kazini anaokoa muda kwa kitabu, kwa sababu anaweza kuruka anachokijua. Ila video ina hatari yake: unaweza kutazama saa tatu ukitikisa kichwa kukubali, kumbe hakuna kilichoingia.

Zipo kozi kamili zisizo na malipo, nzuri kabisa. Microsoft inaweka mafunzo ya mitihani yake bure kwenye Microsoft Learn, na wapo walimu waliopandisha YouTube kozi nzima za CompTIA na CCNA. Bei si kipimo cha ubora.

### Kuijaribu nguzo kabla ya kuiamini

Chagua malengo matatu kutoka kwenye orodha yako: moja lenye alama 2, moja lenye 1, moja lenye 0. Soma au tazama sehemu hizo tatu tu, kwenye sura za bure au sampuli.

Lengo unalolijua litakuonyesha kama mwandishi ni mkweli. Makosa yake utayaona wewe mwenyewe. Lengo usilolijua litakuonyesha kama anajua kufundisha.

Tuchukue OSPF. Nyenzo dhaifu inakupa amri za kuandika, picha ya matokeo, na inaendelea mbele. Nyenzo nzuri inakuambia pia kwa nini ruta mbili zinaweza kushindwa kukamilisha ujirani wao: ziko maeneo tofauti, muda wao wa hello (kusalimiana) na dead (kumhesabu jirani kuwa amepotea) haulingani, maski za mtandao hazilingani, au MTU (ukubwa wa juu wa pakiti) inatofautiana. Kisha inakuonyesha amri ya kugundua ni lipi kati ya hayo. Mtihani hukuuliza sana pale kitu kisipofanya kazi, kwa hiyo nyenzo inayoonyesha mambo yakienda vizuri tu imekuacha nusu ya njia.

Kagua pia ukurasa wa makosa yaliyosahihishwa. Mchapishaji anayeorodhesha makosa ya kitabu chake anafaa kuaminiwa zaidi kuliko asiyekuwa na orodha yoyote.

Kuhusu lugha: mitihani niliyoitaja hapa haitolewi kwa Kiswahili. Ufafanuzi wa Kiswahili ukiupata ni msaada mkubwa wa kuelewa, lakini nguzo yako iwe katika lugha utakayofanyia mtihani, ili maneno ya swali yasiwe mageni siku hiyo. Muhtasari wako andika kwa lugha inayokuelea akilini.

## Hatua ya 5: Tafuta maabara inayolingana na alama zako za M

Kwa CCNA, Packet Tracer, programu ya Cisco ya kuigiza mitandao, ni bure ukijiandikisha kwenye mafunzo yao ya mtandaoni, na inatosha kwa sehemu kubwa ya mtihani. Inaigiza tu, kwa hiyo baadhi ya amri haina. GNS3 inaendesha mfumo wenyewe wa kifaa, lakini inahitaji faili za mfumo huo, ambazo lazima uzipate kihalali, na inakula RAM. Anza na Packet Tracer.

Kwa Linux, weka VirtualBox na ufungue kompyuta pepe mbili zisizo na mazingira ya picha. Mbili, si moja, ili ufanye mazoezi ya kuziunganisha, SSH (kuingia kompyuta nyingine kwa mbali) na ukuta wa moto.

Kwa huduma za wingu, akaunti yako mwenyewe ndiyo maabara. Onyo: kabla hujaunda kitu chochote, weka tahadhari ya bajeti ikutumie barua pepe. Kwenye AWS, NAT Gateway (huduma inayounganisha mtandao wako wa ndani na intaneti) inatozwa kwa saa hata kama hakuna data inayopita, na tangu Februari 2024 anwani za umma za IPv4 zinatozwa pia. Mtu anamaliza somo, anafunga kompyuta, na huduma inaendelea kuhesabu gharama usiku kucha. Mwisho wa kila zoezi, futa ulivyounda, kisha angalia ukurasa wa bili uhakikishe.

Utajua maabara imefaa ukiweza kuharibu kitu kwa makusudi, ukaondoka, ukarudi kesho yake na kukitengeneza bila kufungua somo.

## Hatua ya 6: Chagua maswali ya mazoezi kwa ubora wa maelezo yake

Maswali mengi si maswali mazuri. Soma maelezo ya jibu kabla ya kuangalia idadi.

Swali la aina hii linapatikana kila mahali: kompyuta ina anwani 192.168.10.77/26. Anwani ya mtandao wake ni ipi? Machaguo ni .0, .64, .72 na .76.

Maelezo mabovu yatasema: "Jibu sahihi ni .64." Basi.

Maelezo mazuri yatasema kwamba /26 inaacha biti 6, hivyo mitandao inaruka kwa 64: .0, .64, .128, .192. Sabini na saba iko kati ya 64 na 127, na .127 ndiyo anwani ya kutangazia. Kisha yataeleza makosa: aliyechagua .72 amehesabu kwa /29, aliyechagua .76 amehesabu kwa /30, na aliyechagua .0 amesahau kuwa mtandao umegawanywa. Umekosa swali moja, lakini umejua ni fikra gani iliyokupoteza. Hilo ndilo la kulipia.

Tafuta kwanza ya watoaji wenyewe. Microsoft ina majaribio rasmi ya bure kwa mitihani yake mingi, na AWS ina seti fupi rasmi za bure kwenye Skill Builder. Yatumie kupima kama maswali ya kampuni nyingine yanafanana nayo kwa urefu na ugumu.

### Kaa mbali na maswali yaliyoibwa

Ukiona tangazo la "maswali halisi ya mtihani, uhakika wa kufaulu", hayo yametolewa ndani ya chumba cha mtihani kinyume cha makubaliano ambayo kila mtahiniwa huyakubali. CompTIA na Cisco zinaweza kufuta matokeo, kukunyang'anya cheti na kukuzuia kufanya mitihani yao. Hilo peke yake linatosha, lakini kuna jingine linaloniuma zaidi: majibu mengi humo ni makosa, na mtu anayakariri hivyohivyo. Anaingia kazini akiwa na cheti, na wiki ya kwanza anaombwa asanidi swichi asijue pa kuanzia. Wanaochafuliwa jina ni wote wenye cheti hicho, pamoja na aliyekisotea kihalali.

Dalili zake ni hizi: hakuna maelezo ya majibu, hakuna jina la mwandishi, msimbo wa mtihani umetangulizwa kuliko mada, na wanaokusifia wanazungumzia asilimia ya maswali "yaliyotoka".

Kuhusu alama: Security+ inafaulisha kwa 750 kwenye kipimo cha 100 hadi 900, SAA-C03 kwa 720 kwenye kipimo cha 100 hadi 1000. Hizo si asilimia, usizilinganishe moja kwa moja na alama za mazoezi. Mimi hushauri mtu alenge asilimia 85 kwenye maswali anayoyaona kwa mara ya kwanza. Ukirudia seti ileile mara tano na kupata 98, umepima kumbukumbu yako. Kwa sababu hiyo, tenga seti moja usiiguse mpaka wiki ya mwisho.

## Hatua ya 7: Wiki moja ya majaribio, kisha funga mlango

Sasa una nguzo, maabara na chanzo cha maswali. Soma navyo kwa wiki moja. Mwisho wa wiki chukua malengo uliyoyapitia uyape alama upya. Kama yaliyokuwa 0 yamefika angalau 1, na ya 1 mengine yamefika 2, endelea navyo hadi mwisho.

Kama hayajasogea, badilisha nguzo. Badilisha mara moja, bila kujilaumu kwa pesa iliyotumika. Kung'ang'ania kitabu kisichokuingia kwa sababu tu umekilipia kutakugharimu ada ya mtihani juu yake.

Baada ya hapo mlango ufungwe. Toka kwenye makundi yanayotuma PDF kila siku. Ukisikia kozi nyingine inasifiwa, fungua orodha yako ya malengo na ujiulize kama kuna lengo lolote ambalo nguzo yako haikuligusa au imelieleza vibaya. Kama lipo, tafuta kitu cha lengo hilo pekee: nyaraka rasmi, somo moja la video, makala moja. Kama halipo, endelea na ulichonacho.

## Ukifeli, usianze kwa kununua

Ripoti ya matokeo ni nyenzo, na umeshailipia. CompTIA hukuorodheshea malengo ambayo ulikosa maswali yake. Cisco hukupa asilimia kwa kila eneo. Ilaze pembeni ya orodha yako na ulinganishe na alama zako za M, S na H.

Makosa yakijazana kwenye M, kitabu kipya hakitakusaidia, ongeza saa za maabara. Yakijazana kwenye S za eneo moja, huenda nguzo yako ina sura dhaifu hapo: badilisha chanzo cha eneo hilo tu. Yakiwa kwenye H, unajua mambo lakini huvijui visa. Rudia maswali yenye maelezo marefu, na kila mara ueleze kwa sauti kwa nini machaguo mengine hayafai.

Muda wa kusubiri hutofautiana: Microsoft inataka saa 24 kabla ya jaribio la pili, Cisco siku 5, AWS siku 14, na CompTIA haiweki muda kati ya jaribio la kwanza na la pili lakini inataka siku 14 kabla ya la tatu. Kabla hujalipia tena, rudi kwenye tovuti ya mtoaji uthibitishe kwamba msimbo ulioandika hatua ya kwanza bado upo.